Mtoto na Sahani Yake

Nyumba nyingi za jamaa zetu hapa Uingereza, chakula cha jioni kimekuwa kesi. Mama anashtaki, baba anahukumu, bibi anatetea, na mshtakiwa mwenyewe, mwenye umri wa miaka minne, amefumba mdomo kama kufuli. Nimesomesha watoto miaka mingi, na sasa nimestaafu naangalia wajukuu wakila. Nataka kusema machache juu ya jambo hili, kwa faida ya vijana wetu wanaolea na sisi wazee wao.

Kwanza tujue amri yetu ya "Maliza!" ilikotoka. Sisi tuliokulia Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1970 twakumbuka mchele, unga na sukari vikitolewa kwa mgao, na foleni zake. Siku zile kubakisha tonge lilikuwa kosa kubwa, maana aliyebakisha leo hakuwa na hakika ya kesho. Amri ile ilikuwa na mahali pake. Lakini mtoto aliyezaliwa London au Leicester, mwenye friji iliyojaa na duka karibu na mlango, hatari yake ni nyingine. Kopo moja la kawaida la Coca-Cola la mililita 330 lina gramu 35 za sukari, karibu vijiko 9 vya chai. Na mtoto wa miaka 4 hadi 6, kwa ushauri wa afya wa nchi hii, asizidishe gramu 19 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima. Nasi twajua ni nyumba ngapi za jamaa zetu zenye mgonjwa wa kisukari. Mtoto anayefundishwa kula hata baada ya kushiba, tumemfundisha kutolisikiliza tumbo lake.

Tuliosoma chuoni twakumbuka kuwa Mtume (S.A.W.) alimfunza kijana Umar bin Abi Salama mambo matatu: ataje jina la Mwenyezi Mungu, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Tena Mtume mwenyewe alipoandaliwa mjusi wa jangwani hakumla, akaeleza kuwa nchi ya watu wake haikuwa na mnyama huyo. Khalid bin Walid akamvuta akamla, na Mtume akimtazama. Basi kutopenda chakula si utovu wa adabu. Utovu wa adabu ni kukitia ila.

Bibi mmoja wa Marekani, mtaalamu wa lishe, Ellyn Satter, aliyeanza kuandika vitabu juu ya jambo hili katika miaka ya 1980, ameigawa kazi hivi: mzazi ndiye aamuaye kiliwe nini, saa ngapi na wapi, mtoto ndiye aamuaye ale kiasi gani, au asile kabisa.

Binti yangu anafuata njia hiyo. Mwanawe akirudi skuli saa tisa na nusu hupewa ndizi na kikombe cha maziwa, kisha ni maji tu mpaka saa kumi na mbili. Zamani alikuwa akipewa krispu na juisi, ndipo wali ukimshinda. Saa ya kula televisheni huzimwa na wote hukaa pamoja. Hapikiwi chungu chake peke yake, lakini hapakosi kitu kimoja anachokijua, wali au chapati. Bamia alizikataa tangu Mfungo Mosi. Mama yake hakugomba wala hakubembeleza. Kila zilipopikwa alimwekea kipande kimoja tu. Mfungo Tatu akakionja mwenyewe, akaomba kingine. Wataalamu wanasema mtoto huweza kuhitaji kuonjeshwa kitu kigeni mara 10 au zaidi kabla hajakizoea. Wengi wetu hukata tamaa mara ya tatu.

Sasa neno kwetu wazee. Tusimwambie mtoto, "Maliza mchicha nikupe halua." Hapo tumemfunza kwamba mchicha ni adhabu na halua ndiyo tunzo. Wala tusimpe biskuti kwa siri baada ya mama yake kukataza. Mtoto akiona nyumba ina serikali mbili, hukimbilia ile inayotoa sukari.

Yapo yasiyongoja subira. Mtoto anayepungua uzito, anayepaliwa au kutapika kila mara, au anayekataa karibu vyakula vyote, apelekwe kwa daktari. Na chini ya miaka mitano asipewe karanga nzima, maana huweza kumkaba.

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi. Kweli, lakini mkunjo wa pupa huvunja. Basi mabibi na mababu wenzangu, tukienda kuwatembelea wajukuu, tumuulize mama yao kwanza sheria ya nyumba yake, kisha tuketi tule nao. Na mjukuu akisema, "Bibi, nimeshiba," tumwambie, "Alhamdulillahi," aende akanawe.