Mazuku: neno la Kivu kwa gesi inayoua kimyakimya
Katika Kiswahili cha wakazi wa Goma, mji wa Kongo unaopakana na Gisenyi nchini Rwanda, mazuku ni upepo mbaya unaoua usiku. Kwa sauti, neno hilo linakaribiana na mzuka, kiumbe cha kutisha kinachotokea ghafla. Wataalamu wa volkano wamelichukua kama lilivyo kuitaja gesi ya kaboni dayoksaidi inayopenya kutoka ardhini na kutuama mabondeni. Gesi hiyo haina rangi, na uzito wake ni takriban mara 1.5 ya ule wa hewa. Usiku uliotulia hujikusanya. Mchana jua na upepo huitawanya. Ndiyo maana mbuzi, hata mtoto, huweza kufa pale ambapo mtu mzima aliyesimama anapumua salama.