Shairi Lisomwalo na Shairi Lirukwalo: Uchaguzi wa Wasomaji katika Ukurasa wa Mashairi

Hakuna msomaji asomaye gazeti lote. Hata yule alinunuaye kwa ajili ya ukurasa wa mashairi peke yake hasomi kila shairi: hutupa jicho, huchagua moja, huyapita mawili, na pengine hurudi siku ya pili kulisoma lile alilolipita. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi uchaguzi huo unavyofanyika, misingi yake ni ipi, na kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili hana budi kuufahamu kabla ya kuyachukua magazeti kuwa chanzo cha utafiti.

1. Ukurasa na watu wake

Gazeti la Mambo Leo lilianza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, chini ya Idara ya Elimu ya serikali ya Tanganyika. Humo mashairi yaliyoletwa na wasomaji yalipata mahali pake, na desturi hiyo ikarithiwa na magazeti yaliyofuata. Shaaban Robert (1909–1962) ni miongoni mwa waliotunga humo. Lakini ukurasa wa namna hii haukuwa wa mabingwa pekee. Ulikuwa, na ungali, uwanja wa watu wenye kazi zao nyingine, watungao kwa mapenzi baada ya shughuli za kutwa.

Sifa kubwa ya uwanja huo ni kwamba watunzi wenyewe ndio wasomaji wake wa kwanza. Shairi moja huuliza, la pili hujibu, la tatu humpinga aliyejibu, la nne huwasuluhisha. Mwingine hutoa fumbo na kuwaita malenga wenzake walifumbue. Haya ndiyo malumbano, yaani kujibizana kwa tungo. Kwa hiyo msomaji wa ukurasa huo hafanani na msomaji wa diwani. Diwani ina mwanzo na mwisho. Malumbano ni baraza, na aingiaye barazani hutazama kwanza ni nani anayesema na neno limefika wapi.

2. Dalili nne za kuchagulia

Dalili ya kwanza ni jina. Mtunzi huweka jina lake, mara nyingi pamoja na lakabu, na mji atokako. Lakabu ni ahadi: anayejiita kwa jina la mnyama mkali anatazamiwa kuuma, na anayejiita kwa jina la upole anatazamiwa kutoa nasaha. Msomaji aliyekwisha kumzoea mtunzi humwendea moja kwa moja, kama vile mtu aingiavyo sokoni akaenda kwa muuzaji wake.

Dalili ya pili ni kichwa cha shairi. Kichwa kisemacho kwamba hili ni jawabu kwa fulani huwagawa wasomaji mara moja. Aliyesoma shairi lililotangulia hulitafuta jawabu kabla ya jingine lolote. Asiyelisoma huona kwamba mlango umefungwa, akapita. Ndiyo maana malumbano marefu huwa na wafuasi wachache lakini waaminifu sana.

Dalili ya tatu ni kibwagizo. Katika tarbia ya kawaida kila ubeti una mishororo minne, kila mshororo una mizani 16 iliyogawanyika nane kwa nane, na mshororo wa mwisho mara nyingi hurudiwa ubeti baada ya ubeti. Mshororo huo ndio uti wa shairi. Msomaji mzoefu huusoma kwanza, akajua msimamo wa mtunzi, ndipo akaamua kama beti nyingine zinastahili muda wake. Kwa sababu hiyo hiyo huipita haraka beti ya kwanza, ambamo kwa desturi mtunzi humwomba mhariri nafasi na kuwasalimu wenzake, akaenda beti ya pili au ya tatu ambako hoja yenyewe huanza. Beti ya mwisho, ya tamati, nayo hutazamwa kwa jicho moja tu.

Dalili ya nne ni sauti. Sheikh Kaluta Amri Abedi, katika kitabu chake Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri kilichotolewa mwaka 1954, alisisitiza kwamba shairi sharti liimbike. Msomaji aliyelelewa katika desturi hiyo husoma kwa sikio hata pale midomo yake imefungwa. Mizani ikipungua au kina kikikosekana, anakwama; na akikwama mara mbili huliacha shairi, hata kama hoja yake ni nzuri.

3. Uchaguzi hugeuka historia

Mpaka hapa mtu aweza kusema: kila msomaji na apendalo, kuna hasara gani? Hasara ipo, nayo haionekani siku ile ile. Kinachosomwa hukatwa na kuwekwa, hukaririwa, hutiwa katika diwani. Kinachorukwa hufungiwa nyama kesho yake. Baada ya miaka 50 mtafiti huyakuta yale yaliyopendwa, akadhani ndiyo yaliyokuwapo.

Tuchukue mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840). Tungo zake nyingi zilitoka katika mabishano ya siasa na vita baina ya Mombasa na majirani zake wa kaskazini, pamoja na mambo ya kila siku ya mji. Zilihifadhiwa katika vichwa vya watu, ndipo mwishoni mwa karne ya 19 Mwalimu Sikujua wa Mombasa akazikusanya pamoja na W. E. Taylor; na mwaka 1940 William Hichens akazitoa katika diwani. Ni hazina kubwa. Lakini mara nyingi tunamsikia Muyaka akimjibu mtu ambaye maneno yake hatunayo. Watu wa Mombasa walimkumbuka wa kwao, na ni haki yao. Walichokiacha mara nyingi ni upande wa pili. Matokeo yake, mshairi aliyekuwa akisemezana na wenzake anasomwa leo kana kwamba alikuwa akisema peke yake.

Mfano wa pili ni mgogoro wa vina na mizani. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi alitoa diwani ya Kichomi, yenye mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mjadala mkali ukafuata: je, hayo ni mashairi? M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi walilitetea shairi huru kwa hoja za kitaalamu katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, cha mwaka 1979. Tukizikumbuka dalili nne tulizotaja, tutaelewa kwa nini upatanisho ulikuwa mgumu. Msomaji achaguaye kwa sauti hulitupa shairi huru kabla hajafika kwenye hoja yake; na msomi aliyechoshwa na salamu za beti ya kwanza hulitupa shairi la vina kabla hajafika kwenye beti ya tatu. Kila upande unaweza kumhukumu mwenzake kwa kitu ambacho haukukisoma.

4. Jambo hili latuhusu vipi Kongo?

Wanafunzi wetu wa Lubumbashi, Bukavu, Goma na Kisangani huukuta ushairi wa Kiswahili hasa katika vitabu vilivyochapwa Afrika ya Mashariki. Mazoea ya kuchagua wanayatoa huko huko: Kiswahili sanifu husomwa, kisicho sanifu hurukwa. Mazoea hayo yana hatari kubwa kwetu kuliko kwa wengine.

Ushahidi tunao. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao tangu 1966 huitwa Lubumbashi, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani kilitoa kijitabu kilichoandikwa na André Yav, kiitwacho Vocabulaire de ville de Elisabethville. Jina ni la Kifaransa, lakini maandishi ni ya Kiswahili cha Shaba, nayo yasimulia historia ya mji na maisha ya wafanya kazi wake chini ya ukoloni. Maneno yameunganishwa pasipotakiwa na kukatwa pasipotakiwa. Tahajia haifuati kanuni ya shule. Kwa dalili za msomaji wa kawaida, hicho ni kitabu cha kurukwa tangu ukurasa wa kwanza. Johannes Fabian alipokitoa upya mwaka 1990, pamoja na tafsiri na maelezo, kazi ilipitia njia ya sikio: maandishi yalisomwa kwa sauti na msemaji wa lugha hiyo, na mipaka ya maneno na sentensi ikadhihirika. Kilichoonekana kuwa makosa ya mwandishi kilikuwa, kwa sehemu kubwa, usemi ulioandikwa kama usemwavyo. Leo mtu hawezi kuandika juu ya historia ya Lubumbashi kwa macho ya wenyeji wake akakiacha kijitabu hicho.

5. Mashauri matatu

Hatumwambii mtu asome kila kitu. Jambo hilo haliwezekani. Twapendekeza mambo matatu kwa afanyaye utafiti.

Kwanza, likutwapo shairi la jawabu, litafutwe swali lake. Msomaji na arudi nyuma toleo kwa toleo mpaka afike penye chanzo. Akikosa, aandike kwamba amekosa, ili shairi lisihesabiwe kuwa limesimama peke yake.

Pili, shairi linalomchosha jicho lisomwe kwa sauti kabla ya kuachwa. Mengi yanayolala juu ya karatasi huamka yakiimbwa.

Tatu, yatunzwe pia yale yasiyopendwa: tanzia, salamu, shukrani na nasaha ndefu. Hayo huwa na majina ya watu na miji, tarehe za misiba, bei za vitu na maneno ya mahali ambayo shairi la mapenzi haliyahitaji. Katika daftari la mtafiti na iwepo safu moja ya mashairi aliyoyaruka, pamoja na sababu ya kuyaruka. Safu hiyo itamfaa atakayekuja baada yake, ambaye pengine atakuwa anatafuta yale yale tuliyoyapita.