Kukata Nyasi Msimu wa Mvua: Mambo ya Kuzingatia

Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Desemba na kumalizika Aprili. Katika miezi hiyo ukoka uliokauka tangu kiangazi hurefuka upesi, na wenye nyumba wa Area D na mitaa mingine ya jiji huharakisha kuukata kwa hofu ya nyoka. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, tunawashauri watumiaji wasikate nyasi zikiwa zimelowa, kwa sababu zifuatazo.

Umeme. Mashine ya waya hutumia umeme wa volti 230. Waya wake ukichubuka na kulala juu ya nyasi zenye maji, umeme unaweza kumfikia mtumiaji na kumuua. Ni vema nyumba iwe na kifaa kinachokata umeme mara unapovuja, cha kiwango cha miliampia 30, kilichofungwa na fundi mwenye leseni. Kifaa hicho hupunguza hatari. Hakihalalishi kukata nyasi mvua ikinyesha.

Kisu. Nyasi mbichi hushikana chini ya mashine na kuiziba. Usiingize mkono kuzitoa. Zima mashine, subiri kisu kisimame kabisa, kisha chomoa waya wa umeme au, kwa mashine ya petroli, waya wa plagi. Ondoa nyasi kwa kijiti. Anayetumia fyekeo naye akumbuke kwamba mpini uliolowa huteleza mkononi.

Bustani. Jani lenye maji huinama, kisu kikalipita; likikauka husimama tena, na kazi huwa ya kurudiwa. Mabonge ya nyasi yaliyoachwa hufunika ukoka na kukaribisha ukungu. Udongo wa mfinyanzi nao hushindiliwa na magurudumu, hata maji ya mvua inayofuata yasipenye vizuri.

Wakati unaofaa ni upi? Kanyaga nyasi: maji yakichuruzika pembeni mwa kiatu, subiri. Jua la Dodoma likitoka asubuhi, mara nyingi nyasi huwa zimekauka kufikia alasiri. Nyasi zikiwa ndefu sana, inua kisu na ukate theluthi moja tu ya urefu wake; zilizobaki zikate baada ya siku chache.

Ukiajiri kibarua, patana naye mapema kwamba mvua ikinyesha kazi itaahirishwa bila yeye kupoteza malipo yake. Anayelipwa kwa kazi iliyokamilika hushawishika kukata hata katika maji ili asirudi nyumbani mikono mitupu, na hatari huwa yake wakati faida ni ya mwenye nyumba. Mpe viatu vilivyofunika vidole.

Unaponunua mashine, dai risiti na cheti cha dhamana, na usome maelekezo ya mtengenezaji kabla ya kulipa. Dhamana yaweza kukataliwa iwapo mashine imeharibika kwa kutumiwa kinyume cha maelekezo hayo. Mashine ikiwa na kasoro na muuzaji akikataa kuwajibika, mnunuzi anaweza kupeleka malalamiko yake Tume ya Ushindani, ambayo hutekeleza Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Risiti ndiyo ushahidi wa kwanza. Itunze mahali pakavu.