Singa na Kipilipili: Mtoto Chotara na Nywele Zake katika Pwani ya Lamu

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa mkataa kwao ni mtumwa. Methali hii ni nyepesi kuitamka pale ambapo kwao mtu ni kumoja. Je, mtoto ambaye kwao ni kuwili ataambiwa asikatae wapi? Na ikiwa kuwili huko kumekutana utosini pake, mahali ambapo kila apitaye hupaona, atajibu nini anapoulizwa yeye ni nani? Makala haya yananuia kueleza jinsi lugha ya Kiswahili inavyozitaja nywele za mtoto wa damu mbili, asili ya istilahi hizo, na athari zake kwa mtoto anayekua akizisikia.

Tumeichagua Kililana, sehemu ya bara ya Lamu iliyo kando ya Ghuba ya Manda. Ni hapa ambapo mwezi Machi 2012 uliwekwa msingi wa bandari mpya ya Lamu, na gati lake la kwanza likafunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Mahali palipojulikana kwa mashamba na uvuvi pameingia katika ramani ya biashara ya dunia. Penye bandari pana wageni, na penye wageni huzaliwa watoto wa damu mbili. Jambo hili si geni katika pwani hii, kama tutakavyoona.

Tumfikirie basi msichana wa kubuni wa huko Kililana, mwenye umri wa miaka minane. Mama yake ni Mbajuni, baba yake ametoka ng'ambo. Nyumbani bibi yake humpapasa kichwa akasema, "Mashallah, mjukuu wangu ana nywele za singa." Shuleni wenzake humwita mzungu. Akienda kwa jamaa za baba yake, huko nako ataambiwa kuwa ana nywele za Kiafrika. Kichwa ni kile kile, ila hukumu ni tatu.

Istilahi na mizigo yake

Kiswahili kina maneno mengi ya kumtaja mtoto huyu. Neno mahuluti lina asili ya Kiarabu, na maana yake ni kilichochanganywa. Suriama linatukumbusha suria, yaani mjakazi aliyewekwa kinyumba na bwana wake, kwa hiyo limebeba historia ya utumwa. Hafukasti limetokana na Kiingereza cha wakoloni. Chotara ndilo lililoenea zaidi katika Kiswahili sanifu. Vijana wa mijini nchini Kenya nao wamezua lao la kihesabu, pointi faivu, yaani nusu. Ni dhahiri kuwa takriban maneno yote haya humweleza mtoto kwa kumgawa au kwa kumchanganya, na ni nadra kumtaja kama mtu mzima aliyekamilika.

Istilahi za nywele nazo ni za sitiari. Kipilipili ni nywele fupi zilizojiviringa mfano wa punje za pilipili manga. Singa ni nywele laini zilizonyooka, na neno hili ni jirani wa usinga, ule mgwisho unaotengenezwa kwa nywele za mkia wa mnyama. Tukizitazama kwa makini, sitiari hizi mbili hazina ubora wowote wa kushindana: moja imetoka kwenye kiungo cha jikoni, nyingine kwenye mkia. Ubora ulitiwa na jamii baadaye, pale umbo la nywele lilipofanywa kuwa kipimo cha nasaba.

Nywele kama hati ya ukoo

Mfano mkali wa kipimo hicho ulitokea Afrika Kusini. Chini ya sheria ya mwaka 1950 ya kuwaandikisha watu kwa rangi zao, maafisa waliokuwa na shaka walikuwa wakichomeka penseli katika nywele za mtu. Ikianguka, alihesabiwa kuwa karibu na Wazungu. Ikinasa, aliwekwa kundi jingine. Ndugu wa tumbo moja waliweza kutenganishwa kwa njia hiyo. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 1991.

Pwani yetu haikuwa na sheria ya penseli, lakini macho yalifanya kazi hiyo. Sayyida Salme, binti ya Sayyid Said wa Unguja, aliyezaliwa mwaka 1844 na mama Mcherkesi, alichapisha kumbukumbu zake mwaka 1886. Humo anaeleza kuwa watoto wa masuria wa Kicherkesi walibezwa na ndugu zao wa mama Wahabeshi, wakaitwa paka kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, watoto wote hao walikuwa huru na warithi wa baba mmoja. Hata hivyo, mwili ulisomwa kama hati, na hati hiyo ikazua daraja ndani ya nyumba moja.

Kwa upande mwingine, sayansi ya siku hizi imetupa ushahidi wa kuwaliwaza watoto wa Kililana. Mwezi Machi 2023 watafiti walichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa katika miji ya kale ya pwani, ikiwemo Manda na Faza katika visiwa hivi vya Lamu, pamoja na mji mmoja wa bara. Walikuta kuwa wengi wa watu wa miji hiyo ya pwani walikuwa na asili mbili: sehemu kubwa ilitoka kwa wanawake wa Kiafrika, na nyingine kwa wanaume waliotoka Asia, hasa Uajemi. Mchanganyiko huo ulianza yapata mwaka 1000. Kwa maneno mengine, babu zao wale wanaomshangaa mtoto chotara leo walikuwa machotara. Tofauti iliyopo kati yake na wao ni ya tarehe tu.

Maumbile ya nywele

Yafaa pia tuelewe kwa nini nywele za mtoto huyu huwatatiza wanaomlea. Unywele huota kutoka katika kijifuko kilichomo ndani ya ngozi. Kijifuko kikiwa cha duara na kimesimama wima, unywele hunyooka. Kikiwa bapa na kimepinda, unywele hujiviringa. Umbo hilo huamuliwa na vinasaba vingi kwa pamoja. Ndiyo maana watoto wawili wa wazazi wale wale huweza kutofautiana, na hata kichwa kimoja huweza kuwa na mawimbi kisogoni na kipilipili kwenye panja. Hakuna mwenye damu pungufu hapo.

Aidha, mafuta ya asili ya ngozi huteleza kwa urahisi kwenye unywele ulionyooka, ilhali kwenye uliojiviringa hukwama njiani. Nywele hizo hukauka na kukatika upesi. Hazihitaji kuchomwa wala kutiwa dawa kali. Zinataka maji, mafuta, chanuo la meno mapana, na mkono unaoanzia nchani kuelekea shinani. Mafuta ya nazi, ambayo Lamu haijayakosa, hupenya ndani ya unywele na kupunguza uharibifu wake. Kinyume chake, utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 2022 ulionyesha kuwa wanawake waliotumia dawa za kunyoosha nywele mara kwa mara walipata saratani ya mji wa mimba kwa kiwango kikubwa kuliko wasiozitumia. Mzazi anayemharakisha mtoto wa miaka minane kwenye dawa hizo ili afanane na upande mmoja wa ukoo hana budi kulizingatia hilo.

Hazina iliyomo katika mila

Mila za Lamu hazikukusudia nywele ziwe chanzo cha aibu. Katika akika, siku ya saba, mtoto hunyolewa nywele zake, na ni sunna kutoa sadaka ya fedha yenye uzito wa nywele hizo. Mizani haiulizi kama ni za singa au za kipilipili. Mwana Kupona binti Msham, katika utendi aliomtungia bintiye mwaka 1858, anamuusia kuoga, kujisinga kwa manukato, kuzifunga nywele zake na kutunga asumini. Jambo analosisitiza hapo ni utunzaji. Tena lugha yenyewe hutumia kitenzi kimoja, kusuka, kwa nywele na kwa ukili wa mkeka. Msusi wa ukili hutukuzwa kwa ustadi wa mkono wake, na miyaa iliyotiwa rangi mbalimbali huupamba mkeka. Kichwa cha mtoto nacho kinastahili jicho hilo.

Hitimisho

Tumeona kwamba majina tunayowapa watoto wa damu mbili yamebeba historia ya utumwa na ukoloni, na kwamba maumbile ya nywele hayana daraja. Hata sifa yaweza kudhuru. Bibi anaposifu singa mbele ya wajukuu wawili, mmoja hufundishwa kuwa thamani yake iko kichwani, na binamu yake aliyeketi kando hufundishwa kuwa yeye hana thamani hiyo. Wote wawili hupoteza.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, waandishi wa kamusi waeleze waziwazi mizigo ya maneno kama suriama na hafukasti. Pili, walimu na watunzi wa hadithi za watoto waache kumpa kila shujaa msichana nywele ndefu za singa. Tatu, na hili ndilo kubwa, walezi wabadili sifa zao: badala ya "una nywele nzuri kuliko mwenzio," wamwambie mtoto, "njoo, mwanangu, nikusuke." Msichana wetu wa Kililana akikua akiwa amesukwa hivyo, hatakuwa na haja ya kuchagua upande wa kukataa. Wote ni kwao.