Si Kila Mtoto Mnene Ana Afya

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya watoto wetu na vyakula tunavyowapa.

Wengi wetu tulilelewa tukiamini kwamba mtoto mnene ndiye mwenye afya. Tukimwona mtoto wa jirani mwenye mashavu yaliyojaa, twasema, "Huyu mama anajua kulisha!" Lakini unene ukipita kiasi ni ugonjwa. Huweza kuleta kisukari na shinikizo la damu, na mara nyingi mtoto hukua nao hata utu uzima. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watoto milioni 37 walio chini ya miaka 5 walikuwa na uzito uliozidi.

Je, lawama ni ya nani? Wengine humcheka mtoto, wengine humlaumu mama. Hebu tutazame nchi ya Chile, huko Amerika ya Kusini. Watu wake walikuwa miongoni mwa wanywaji wakubwa wa soda duniani. Serikali iliona kwamba mama peke yake hawezi kushindana na kiwanda. Mama husema "hapana" mara moja, lakini picha ya katuni kwenye pakiti humwita mtoto kila siku.

Basi tarehe 27 Juni 2016 sheria mpya ilianza kutumika. Chakula cha pakiti chenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango kilichowekwa kilipigwa alama nyeusi ya pembe nane, mfano wa ile ya barabarani inayosimamisha magari. Vyakula hivyo vilikatazwa kuuzwa shuleni na kutangazwa kwa watoto. Hata wale wanyama wa katuni waliondolewa kwenye pakiti zake.

Matokeo yalikuwa nini? Katika mwaka mmoja na nusu wa kwanza, watafiti waliona kwamba ununuzi wa vinywaji vyenye sukari nyingi ulipungua karibu robo. Viwanda navyo vilianza kupunguza sukari ili vikwepe alama ile. Unene haukwisha Chile, lakini mzazi alipata msaada.

Nasi je? Sheria husaidia, ila chungu ki jikoni mwetu. Chupa moja ya soda ya mililita 300 huwa na sukari ipatayo vijiko saba au vinane vya chai. Ni nani kati yetu angemtilia mtoto vijiko vinane katika kikombe kimoja? Tumpe maji. Tumpe githeri, maharagwe, sukuma wiki, papai na machungwa. Tumwache acheze nje mpaka atoke jasho. Nasi wazazi tuanze, kwani mtoto hufuata sahani ya baba yake kuliko maneno yake.

Tena, tukienda mkutano wa wazazi, tuulize: duka la shule linauza nini? Swali hilo halina gharama.

Na mtoto ambaye tayari ni mnene tusimwite majina ya kumdhihaki. Hakujinunulia chakula, sisi ndio tuliomtuma dukani. Tumpende, na nyumba nzima ibadilishe mlo pamoja naye. Watoto ni amana tuliyokabidhiwa, na samaki hukunjwa angali mbichi.