Lesi ya Lefkara Ilidumu kwa Sababu
Mwaka 2009 UNESCO iliiingiza lesi ya Lefkara, kijiji cha vilimani kusini-mashariki mwa Kupro, katika orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika. Sifa hiyo ni halali, ila yaweza kutupotosha tukadhani ufundi huu umedumu kwa kuwa akina mama wa huko waliipenda mila kuliko watu wengine. Walikuwa na sababu nzito zaidi. Zamani binti alitarajiwa kwenda kwa mumewe na shehena ya vitambaa alivyovitarizi mwenyewe, hivyo kumfundisha sindano ilikuwa kumtengenezea maisha. Na mafunzo yenyewe ni ya miaka. Nyuzi za kitani huhesabiwa mojamoja, baadhi hukatwa na kuchomolewa, kisha matundu yanayobaki hujazwa kwa mishono mpaka ichomoze mistari ya pembetatu wanayoiita potamos, yaani mto. Ukikosea uzi mmoja, ruwaza yote huenda upande.

Baadaye ikaja sababu ya pili, fedha. Mwanzoni mwa karne ya 20 wanaume wa kijiji walizunguka miji ya Ulaya wakiuza kazi za wake na dada zao. (Watalii husimuliwa kwamba Leonardo da Vinci alinunua kitambaa hapo mwaka 1481, wenye maduka huipenda hadithi hiyo kuliko wanahistoria.) Wapo wanaosema soko ndilo huharibu mila. Lakini pamba iliyofumwa kijijini iliachwa, kikaja kitani cha Ireland, na mkono ukabaki uleule. Hoja nzito ni nyingine: mwanamke aliumiza macho, mwanamume akashika mfuko. Ni kweli, na ndiyo inayoeleza kilichofuata. Maadamu sindano ilikuwa miongoni mwa njia chache za mwanamke kuingiza chochote nyumbani, mama alifundisha hata kwa malipo hafifu. Shule na ajira zilipofunguka, binti akapiga hesabu: kitambaa kikubwa cha meza hula miezi, na pembeni yake dukani kimetundikwa cha mashine kwa bei ya kutupa. Kumwita mvivu ni kumwonea. Kozi na makumbusho vitazihifadhi ruwaza, lakini havimpi binti huyo sababu ya kukaa chini na kujifunza. Itakayompa ni alama inayomwonyesha mnunuzi ipi ni kazi ya mkono, pamoja na malipo yanayofuata saa za kazi badala ya upana wa kitambaa.