Bastola ya Mzee na Bei ya Risasi Zake

Mzee mmoja wa Endasak, mstaafu, alinifungulia leso juu ya meza. Ndani mlikuwa na risasi 6, fupi na nene, shaba yake imeota kutu ya kijani kuzunguka kitako. "Hizi ndizo zilizobaki, mwanangu," akasema. "Nataka nikalenge shabaha kidogo, mkono usisahau. Nyingine nitazipata wapi kwa pensheni hii?"

Bastola yake ni Webley Mark IV, zile zinazokunjika katikati: ukiachia kifungio mtutu unainama, na kidude chenye umbo la nyota kinasukuma maganda yote 6 nje kwa mpigo mmoja. Ilitengenezwa Uingereza, na nyingine kama hiyo zilivaliwa viunoni na askari wengi wa enzi za ukoloni. Leseni anayo na anailipia. Kinachomshinda ni kuilisha.

Risasi yake huitwa .38/200. Hiyo 200 ni uzito wa kichwa cha risasi ya awali kwa kipimo cha Kiingereza, yaani karibu gramu 13. Wamarekani huiita .38 S&W, na ndilo jina la kutaja dukani. Hapa ndipo wengi wanapoliwa fedha, kwa sababu iko nyingine maarufu zaidi iitwayo .38 Special, na muuzaji asiye makini atakwambia zote ni thelathini na nane. Si kweli. Ganda la Special lina urefu wa milimita 29. La Webley halifiki 20. Kichwa cha Special ni chembamba kidogo na nguvu yake ni kubwa kuliko bastola hii ilivyoundwa kuhimili. Ukikuta Webley inayoimeza .38 Special mpaka mwisho, jua silinda yake imechongwa, na usiipige hata mara moja.

Risasi iliyo sahihi ina sifa nzuri kwa uwanja wa shabaha. Kichwa ni cha risasi laini, mwendo ni wa polepole, teke ni dogo, chuma cha zamani hakiumizwi. Tatizo ni kwamba viwanda vichache duniani ndivyo vinavyoitengeneza bado, tena kwa mafungu madogo. Kwa hiyo kila risasi hugharimu zaidi ya ile ya milimita 9, ambayo majeshi na polisi wa karibu dunia nzima wanaitumia, na ambayo jirani zetu Kenya wanaitengeneza wenyewe pale Eldoret. Silaha ya milimita 9 itakugharimu zaidi siku ya kwanza, lakini kasha la pili na la tatu litaanza kukurudishia.

Piga hesabu pamoja na nauli ya kwenda dukani. Kutoka Katesh hadi Arusha kupitia Babati ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Mbulu au Haydom si karibu. Ukienda ukarudi na risasi 10, nauli, chakula na malazi vinagawanywa kwa 10. Ukirudi na kasha la 50, vinagawanywa kwa 50. Mwenye silaha ya kipenyo adimu mara nyingi hukuta kasha moja lililofunguliwa, au hakuna kabisa, na nauli imekwenda. Kasha la 50 nalo, kwa silinda ya risasi 6, ni kujaza mara 8 na 2 zinabaki. Asubuhi moja ya shabaha imelimaliza.

Zile 6 za kwenye leso nilimsihi asizipige. Risasi ya zamani huweza kuchelewa kuwaka: unavuta kifyatulio, kimya, unafungua silinda, inalipuka mkononi. Ikikutokea, elekeza mtutu mahali salama na subiri walau nusu dakika. Fataki za zamani pia huacha chumvi inayokula chuma. Mtutu unaoshwa kwa maji ya moto, unakaushwa, ndipo unapakwa mafuta.

Kwa mkulima au mfugaji wa huku, nisingemshauri bastola yoyote. Fisi akivunja zizi usiku bastola ni kelele tu. Shotigani ya namba 12 inamfaa zaidi: risasi zake ni za kawaida, huuzwa kwa kasha la 25, na zenye marisau gramu 24 hadi 28 ndizo nyepesi na nafuu kwa mazoezi. Lakini kama bunduki ni ya babu, angalia kwanza urefu wa chemba. Nyingi za zamani zilichongwa kwa ganda la milimita 65, wakati za sasa ni 70 au 76. Ganda refu litaingia vizuri tu, ila halina nafasi ya kufunguka, na shinikizo linapanda. Wala usichanganye mfukoni na ganda la njano la namba 20. Linateleza, linakwama ndani ya mtutu, la namba 12 linaingia nyuma yake, na mtutu unapasuka. Na wenye ngano Basotu wasipoteze hata moja kwa kweleakwelea. Kundi lile huondolewa kwa ndege ya kunyunyiza dawa, kwa hiyo ripoti mapema kwa ofisa kilimo.

Kujaza maganda upya nyumbani, kama wafanyavyo wapenzi wa silaha Marekani, kwetu bila kibali ni kosa la jinai. Hilo liondoe kwenye hesabu.

Mzee nilimwambia hivi: risasi zile azipeleke polisi, na bastola aombe kuikabidhi kwa utaratibu kabla hajalipia leseni nyingine. Nawe unayetaka kununua silaha ya zamani kwa sababu ni rahisi, nakili maandishi yaliyo kwenye mtutu, uliza kwanza bei ya kasha la risasi zake na kama lipo rafuni, ndipo uulize bei ya silaha.